Seraphino Antao: Mkimbiaji wa Mombasa Aliyeipa Kenya Dhahabu ya Kwanza

Seraphino Antao alizaliwa Mombasa tarehe 30 Oktoba 1937. Mwaka 1962, katika michezo ya nchi za Jumuiya ya Madola iliyofanyika mjini Perth, Australia, alishinda medali mbili za dhahabu: moja katika yadi 100 na nyingine katika yadi 220. Hakuna Mkenya aliyekuwa ametwaa dhahabu katika michezo hiyo kabla yake, wala Mwafrika yeyote aliyekuwa ameshinda mojawapo ya mbio hizo mbili tangu michezo ilipoanzishwa mwaka 1930.

Siku hizi Kenya ikitajwa katika riadha, watu hufikiria mbio ndefu, baridi ya nyanda za juu za Bonde la Ufa na vijana waliokulia mwinuko wa zaidi ya mita 2,000. Dhahabu ya kwanza ya nchi hiyo katika Jumuiya ya Madola haikutoka huko. Ilitoka pwani, usawa wa bahari, kwa mtu wa mbio fupi ambaye kazi yake yote uwanjani ilikwisha ndani ya sekunde zisizofika ishirini na mbili.

Mombasa na Wagoa

Antao alikuwa Mgoa. Wazazi wake walitoka katika jamii ya Wakatoliki wa Goa, eneo la pwani ya magharibi ya Bara Hindi lililotawaliwa na Wareno kwa zaidi ya miaka 450, hadi India ilipolitwaa Desemba 1961. Ndiyo sababu Wagoa wengi wana majina ya Kireno. Walifika Afrika Mashariki kwa wingi tangu mwisho wa karne ya 19, wakati Waingereza walipohitaji makarani wa serikali, wa reli na wa bandari. Wengine walikuwa mafundi cherehani, wapishi, waokaji mikate na wanamuziki. Unguja, Mombasa, Dar es Salaam, Nairobi na Kampala zilikuwa na vilabu vya Wagoa, shule zao na timu zao.

Chini ya ukoloni, kila jamii ilikaa upande wake: Wazungu kwao, Waasia kwao, Waafrika kwao. Shule zilitengwa, hospitali zilitengwa na vilabu vingi vya michezo vilitengwa pia. Mombasa nayo ilikuwa na utengano huo, ingawa Kiswahili, bandari na viwanja vya mpira vilikutanisha watu wa kila namna. Antao alisoma katika shule ya Wagoa mjini humo, kisha akaajiriwa na Landing and Shipping Company of East Africa, kampuni iliyopakia na kupakua mizigo ya meli katika bandari ya Kilindini. Kwa hiyo bingwa huyu hakuwa mwanamichezo wa kulipwa. Alikuwa mfanyakazi aliyekimbia baada ya saa za kazi, kama walivyokuwa wanariadha wengi wa enzi hizo, kwa kuwa kanuni za riadha zilikataza kabisa kuchukua fedha kwa kukimbia.

Aliyemnoa alikuwa Ray Batchelor, kocha Mwingereza aliyeishi Mombasa. Mafunzo yalifanyika huko huko pwani, mbali na Nairobi ambako shughuli nyingi za riadha ya Kenya ziliongozwa.

Riadha ya Kenya kabla ya Perth

Chama cha riadha cha Kenya kiliundwa mwaka 1951. Kabla ya hapo mashindano yalikuwa ya shule, ya misheni, ya jeshi, ya polisi, ya magereza na ya wilaya. Wakoloni waliyapenda mashindano hayo kwa sababu waliyaona njia ya kuwaweka vijana chini ya nidhamu. Chama kilipoundwa, washindi wa wilaya walianza kupelekwa mikoani, kisha Nairobi, kisha nje ya nchi.

Mwaka 1954 Kenya ilipeleka wanariadha wake wa kwanza katika michezo ya Jumuiya ya Madola, iliyofanyika Vancouver, Kanada. Nyandika Maiyoro wa Kisii alimaliza wa nne katika maili tatu. Mwaka 1956 Kenya ikaingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, mjini Melbourne, na Maiyoro akawa wa saba katika mita 5,000. Miaka miwili baadaye, mjini Cardiff nchini Wales, medali za kwanza zikapatikana: Arere Anentia alichukua shaba katika maili sita na Bartonjo Rotich akachukua shaba katika yadi 440 kuruka viunzi.

Antao alikuwa katika msafara huo wa Cardiff mwaka 1958, akiwa kijana wa miaka 20. Alirudi mikono mitupu, lakini alikuwa ameona kwa macho yake walipofikia wenziwe wa Karibi, Uingereza na Australia. Mwaka 1960 alikwenda Roma kwa Olimpiki na kukimbia mbio fupi. Huko pia hakufika fainali. Ushindi katika mita 100 ulikwenda kwa Armin Hary wa Ujerumani, na katika mita 200 kwa Livio Berruti wa Italia. Katika mbio hizo za mita 200, Abdoulaye Seye, mzaliwa wa Senegal aliyekimbia kwa niaba ya Ufaransa, alipata shaba. Kwa hiyo wakati Antao anajitayarisha kwa Perth, mkimbiaji wa Afrika kusimama kwenye jukwaa la mbio fupi halikuwa tena jambo la kushangaza, ila bado lilikuwa nadra.

Yadi, saa za mkononi na majivu ya makaa

Ili kupima alichokifanya Antao, ni lazima kujua mbio zenyewe zilivyokuwa. Nchi za Jumuiya ya Madola zilipima kwa yadi hadi michezo ya mwaka 1966, na mita zikachukua nafasi mwaka 1970. Yadi 100 ni mita 91.44. Mwanafunzi anayekimbia mita 100 katika uwanja wa shule, kwenye njia zilizochorwa kwa majivu au chokaa, akisimama mita nane au tisa kabla ya utepe, hapo ndipo mbio za yadi 100 zilipoishia. Yadi 220 ni mita 201.17, yaani karibu sawa na mita 200 za leo.

Uwanja mkubwa wa riadha wa miaka hiyo haukuwa na zulia la mpira. Njia zilikuwa za majivu ya makaa ya mawe yaliyosagwa na kushindiliwa. Mvua ikinyesha zililainika, na mkimbiaji wa njia ya ndani alikuta pamechimbuliwa na njumu za waliotangulia. Olimpiki ya kwanza kukimbiwa juu ya mpira ilikuwa ya Mexico mwaka 1968.

Muda ulipimwa kwa saa za mkononi. Waamuzi watatu walisimama kwenye mstari wa kumalizia, kila mmoja na saa yake. Walibonyeza walipoona moshi wa bastola, wakabonyeza tena kifua cha mshindi kilipofika kwenye mstari. Saa mbili zikikubaliana, huo ndio ulikuwa muda rasmi. Hesabu iliishia katika sehemu ya kumi ya sekunde. Sehemu hiyo moja yaonekana ndogo, lakini kwa mtu anayekwenda kasi ya zaidi ya mita tisa kwa sekunde, ni karibu mita nzima.

Mbio fupi pia hazisamehe kosa. Katika maili tatu, anayeanza vibaya ana mizunguko 12 ya kujirekebisha. Katika yadi 100, anayechelewa kuinuka kwenye vibao vya kuanzia huwa ameshapoteza mbio kabla hajaunyoosha mgongo. Mkimbiaji huondoka ameinama, hatua zikiwa fupi na nzito, kisha huinuka kidogo kidogo, hatua zikirefuka. Katika sehemu ya mwisho hakuna anayeongeza kasi tena. Wote hupungua, na anayeonekana kuchomoka ni yule anayepungua polepole kuliko wenzake. Yadi 220 huongeza mtihani wa pili: kona. Mkimbiaji huinama kuelekea ndani bila kutoka kwenye njia yake, kisha huingia mnyooko akiwa bado ana nguvu. Ni watu wachache wanaomudu mbio zote mbili kwa ubora ule ule.

Mwaka 1962

Kabla ya Perth, Antao alijipima Uingereza. Ubingwa wa wazi wa chama cha riadha cha nchi hiyo, ulioshindaniwa kila mwaka katika uwanja wa White City, London, ulikuwa miongoni mwa mashindano yenye heshima kubwa kabisa nje ya Olimpiki, na wageni waliruhusiwa kushiriki. Mwaka huo Antao alishinda yadi 100 na yadi 220. Tangu hapo hakuwa tena mkimbiaji wa kubahatisha kutoka koloni la mbali. Washindani wake walimjua kwa jina.

Perth ilikuwa mwenyeji kuanzia tarehe 22 Novemba hadi 1 Desemba 1962. Michezo yenyewe wakati huo iliitwa rasmi Michezo ya Dola ya Uingereza na Jumuiya ya Madola, jina ambalo lenyewe laonyesha wakati ulivyokuwa unabadilika: dola ilikuwa inavunjika na jumuiya ilikuwa inazaliwa. Uganda ilikuwa imepata uhuru wiki chache kabla, tarehe 9 Oktoba. Tanganyika, iliyojitawala tangu 9 Desemba 1961, ilishiriki kwa mara ya kwanza. Kenya ilikuwa bado koloni, na ukanda wake wa pwani, Mombasa ikiwemo, kisheria ulihesabiwa bado kuwa mali ya Sultani wa Zanzibar.

Joto la Perth likawa habari kubwa. Siku ya ufunguzi lilifika takriban nyuzi 40 za Selsiasi, hata wanajeshi wakatumwa kuwapelekea maji wanamichezo uwanjani. Joto la namna hiyo humwadhibu mkimbiaji wa masafa marefu. Kwa wa mbio fupi ni kinyume chake, kwa kuwa msuli uliopata moto hunyooka vizuri na hufanya kazi haraka. Na mtu aliyezoea Mombasa hakuhitaji kufundishwa kuishi na jua.

Aliyetarajiwa kushinda yadi 100 hakuwa Antao. Alikuwa Harry Jerome wa Kanada, aliyeshikilia pamoja na wengine rekodi za dunia za mita 100, sekunde 10.0, na yadi 100, sekunde 9.2. Alikuwepo pia Tom Robinson wa Bahamas, bingwa wa yadi 220 wa Cardiff. Australia ilimtegemea Mike Cleary, ambaye pia alikuwa mchezaji wa raga.

Katika fainali Jerome aliumia msuli wa paja vibaya sana, akamaliza wa mwisho. Antao alikata utepe kwa sekunde 9.5. Robinson alikuwa wa pili kwa 9.6, na Cleary wa tatu kwa 9.8. Kwa hesabu za kawaida, Mkenya huyo alikwenda wastani wa mita 9.6 kila sekunde, au kilomita 34 na nusu kwa saa, na alimwacha wa pili kwa kiasi cha mita moja.

Wapo waliosema kwamba Jerome asingeumia, dhahabu isingekwenda Mombasa. Hoja hiyo haiwezi kuthibitishwa wala kukanushwa. Linalojulikana ni kwamba Robinson hakuumia, na alishindwa. Jibu lenye nguvu zaidi lilikuja katika yadi 220. Antao alishinda kwa sekunde 21.1. David Jones wa Uingereza alifuata kwa 21.5, na Johan du Preez wa Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland akawa wa tatu kwa 21.6. Pengo la sehemu nne za kumi za sekunde ni karibu mita nne. Katika mbio fupi, ushindi wa mita nne haumwachii mtu nafasi ya kubishana.

Kabla yake, watu watatu tu ndio waliokuwa wameshinda mbio zote mbili katika michezo hiyo: Arthur Sweeney na Cyril Holmes wa Uingereza, mwaka 1934 na 1938, na John Treloar wa Australia, mwaka 1950. Antao akawa wa nne.

Wakenya wengine walifanya vizuri kwa kadiri yao. Kimaru Songok alipata fedha katika yadi 440 kuruka viunzi. Askari polisi kijana aitwaye Kipchoge Keino, ambaye hii ilikuwa michezo yake mikubwa ya kwanza, alimaliza wa 11 katika maili tatu, na hakuna aliyemjali sana. Kwa upande wa Uganda, bondia George Oywello alitwaa dhahabu ya uzito wa juu. Afrika Mashariki ilikuwa imeanza kuhesabiwa.

Bendera ya Tokyo

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Oktoba 1964 ilishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza ikiwa nchi huru, mjini Tokyo. Katika gwaride la ufunguzi, aliyebeba bendera mpya yenye rangi nyeusi, nyekundu, kijani na nyeupe, na ngao na mikuki katikati, alikuwa Seraphino Antao. Kwa nchi iliyokuwa na umri wa miezi kumi, kumkabidhi bendera mtoto wa wahamiaji wa Kigoa lilikuwa tamko kwamba raia hatambuliwi kwa asili ya babu zake.

Mbio zenyewe hazikumwendea vizuri. Hakufika fainali. Mita 100 zilichukuliwa na Bob Hayes wa Marekani, na Harry Jerome, aliyerudi uwanjani baada ya upasuaji wa paja, alipata shaba. Medali ya kwanza ya Olimpiki kwa Kenya ilipatikana siku hizo hizo, nayo haikuwa ya mbio fupi: Wilson Kiprugut alikuwa wa tatu katika mita 800. Keino, yule wa 11 wa Perth, alimaliza wa tano katika mita 5,000.

Tokyo ndiyo iliyofunga ukurasa wa Antao katika mashindano makubwa. Alikuwa na miaka 27 tarehe 30 Oktoba mwaka huo. Kwa mkimbiaji wa leo anayelipwa, huo ni umri wa kuvuna. Kwa mtu wa wakati ule aliyepaswa kula kwa jasho la kazi nyingine, ulikuwa umri wa kustaafu.

Baada ya hapo alihamia Uingereza na kuishi London. Haikuwa safari ya peke yake. Katiba ya uhuru iliwapa wakazi wengi wenye asili ya Asia miaka miwili ya kuomba uraia wa Kenya, na muda huo uliisha Desemba 1965. Wengine walichukua uraia, na Wagoa kadhaa walishika nafasi kubwa katika siasa na utumishi wa nchi. Joseph Murumbi, ambaye baba yake alikuwa Mgoa na mama yake Mmasai, alikuwa Makamu wa Rais mwaka 1966. Wengine wengi waliondoka kuelekea Uingereza, Kanada, Australia na Goa. Waliondoka na ujuzi wa michezo pia, hasa wa mpira wa magongo, mchezo ambao kikosi chake cha Kenya mjini Tokyo kilijaa Wagoa na Masingasinga.

Kilichobaki

Mwaka 1966, mjini Kingston, Jamaika, Harry Jerome alishinda yadi 100 na kuchukua taji ambalo paja lilimnyima Perth. Kwa Kenya, mashujaa wa Kingston walikuwa Kipchoge Keino, aliyeshinda maili moja na maili tatu, na Naftali Temu, aliyeshinda maili sita. Miaka miwili baadaye wote wawili wakatwaa dhahabu za Olimpiki mjini Mexico. Tangu hapo fedha za mafunzo, makambi, makocha na matumaini ya taifa vilifuata mbio ndefu. Mita 400 bado zilikuwa na watu wake: Charles Asati alikuwa bingwa wa Jumuiya ya Madola mwaka 1970 na 1974, na timu ya kupokezana vijiti ya Asati, Hezekiah Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang ilishinda dhahabu ya Olimpiki mjini Munich mwaka 1972. Lakini katika mita 100 na 200, Mombasa haikupata Antao mwingine.

Huenda sababu haikuwa damu wala hali ya hewa. Antao alikuwa na kocha aliyemfuatilia mwaka baada ya mwaka, ajira iliyomruhusu kufanya mazoezi na mashindano ya kutosha nje ya nchi ya kujipimia. Kutoka Cardiff alikoshindwa hadi Perth alikoshinda ilipita miaka minne ya kazi hiyo. Mambo hayo yalipokosekana pwani, mbio fupi zilikauka; yalipopatikana nyanda za juu, mbio ndefu zilistawi.

Seraphino Antao alifariki London tarehe 6 Septemba 2011, akiwa na miaka 73. Tarehe 3 Agosti 2022, katika michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Birmingham, Ferdinand Omanyala wa Bungoma alishinda mita 100 kwa sekunde 10.02. Alikuwa Mkenya wa kwanza kushinda mbio fupi kabisa ya michezo hiyo tangu Antao, na karibu miaka 60 ilikuwa imepita.